Uzi maalumu wa Newala na uwanda wa Makonde: mandhari mnayopiga picha ndiyo njia ya maji ya mama zetu

Mwana wa Ukingoni

Wakuu, salaam.

Kila kiangazi kikiingia naona picha zilezile zinazunguka mitandaoni. Mtu kasimama Shimo la Mungu pale Newala, mikono kaitanua, nyuma yake bonde la Ruvuma limejaa ukungu, na ng'ambo kule Msumbiji inaonekana kwa mbali. Chini yake watu wanaandika "Kusini kuzuri jamani". Ni kuzuri, sibishi. Ila huwa nasubiri atokee mtu mmoja aulize swali moja tu: hawa watu wanaoishi huku juu, maji wanayatoa wapi?

Kwa wasiofika, nieleze nchi ilivyokaa. Ukitoka Mtwara mjini kwenda Newala huwezi kusema unapanda mlima. Gari linatambaa taratibu, unapita Nanyamba, unapita Tandahimba, udongo mwekundu, mikorosho kulia, mikorosho kushoto. Unafika Newala uko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari na hujapiga kona hata moja ya kukutia kizunguzungu. Halafu nchi inakatika. Unasimama ukingoni, mbele yako hakuna kitu, chini kabisa ndiko bonde liliko.

Udongo wa huku juu ni kichanga kirefu. Mvua tunapata, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na kuna miaka inanyesha mpaka watu wanachoka. Lakini maji hayatuami. Yanazama yote, yanasafiri huko chini kwa chini, yanakuja kuchomoza kwenye mguu wa mlima. Ndiyo maana utapita kijiji baada ya kijiji uwandani huoni mto, huoni kijito, huoni hata dimbwi la bata.

Kwa hiyo kabla ya mabomba mama zetu na bibi zetu walishuka. Waliondoka jogoo wa kwanza hajawika, kwa makundi, kwa sababu chui alikuwepo. Wakifika chini kuna foleni. Chemchemi inachuruzika, unachota kwa kibuyu, unasubiri ijae, unachota tena. Ndoo ikijaa unaweka majani mabichi juu ya maji ili yasimwagike njiani, unajitwika, unaanza kupanda. Njia zenyewe bado zipo. Shuka kidogo kutoka pale mnapopigia picha utaziona: vikanyagio vimechimbika kwenye udongo mgumu, kila kimoja kina upana wa unyayo mmoja, maana hakuna aliyekuwa na nguvu za kupita pembeni.

Nimefungua uzi huu ili wenyeji waje wazungumzie kijiji cha uwandani kilivyo kwa ukweli wake, maji, korosho, mashamba, ngoma. Wageni mnaruhusiwa kuuliza. Siasa za vyama pelekeni kwenye nyuzi zake.

Kijana wa Mbagala

Ajomba umenikumbusha mbali sana. Nimeweka kambi hapa, uji wa korosho mkononi. Shusha vitu.

Mgeni Rasmi

Mkuu nimekuelewa, ila na mimi niulize bila kuudhi. Kama maji yako chini, na bonde lina rutuba, kwa nini wazee wenu wasijenge chini? Mtu mwenye akili zake anajengaje sehemu isiyo na maji?

Ajomba Kitangari

Mgeni Rasmi, swali lako wala haliudhi, kila mgeni huuliza hivyo hivyo. Ngoja nikujibu kwa mapana.

Karne ya 19 bonde la Ruvuma lilikuwa barabara. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikishuka kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani. Wangoni nao walikuwa wanakuja kuvamia mpaka huku. Anayekaa bondeni karibu na maji anaonekana na kila mpita njia. Uwandani kulikuwa na vichaka, na ukisikia vichaka vya Umakondeni usifikirie majani ya kufyeka asubuhi moja. Miti imeshonana, miiba imeshonana, mtu asiyejua kichochoro hapenyi, na akipenya hajui pa kutokea. Wazee walichagua kiu kuliko minyororo. Mimi hapo naona akili nyingi sana.

Na kuna lile simulizi la asili yetu, Mjerumani Karl Weule aliyepita Newala mwaka 1906 alilikuta na akaliandika. Mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Wakaishi karibu na mto, mtoto akazaliwa mfu. Wakavuka mpaka bonde la Mbwemkuru, wa pili naye hivyo hivyo. Wakapanda mpaka uwandani, upande wa Mahuta, wa tatu akaishi. Wazee wakashika hapo: bondeni kunaua watoto. Ukilitazama kwa macho ya leo, bondeni kwenye mbu na homa, juu kwenye upepo na baridi, utaona hawakuwa wanaota.

Bondeni watu wanalima siku zote lakini. Mpunga, mahindi ya kiangazi, mboga. Unashuka unalima, unapanda unalala kwako.

Mgeni Rasmi

Hapo kwenye misafara ya watumwa umenifunga mdomo mkuu. Endeleeni.

Bi Mkubwa wa Mahuta

Nyinyi wanaume mnazungumzia maji kama historia. Mimi niliyabeba.

Mabomba tuliyasikia tangu zamani, ni kweli. Mpango wa kusukuma maji kuyapandisha uwandani ulianza enzi za Mwingereza, na chanzo kikubwa mpaka leo ni Mitema, huko Kitangari kwa ajomba. Baadaye miaka ya 1970 wakaja Wafini, wakakaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakachimba visima na kufunga pampu za mkono Mtwara na Lindi. Wametusaidia, Mungu awabariki. Lakini maji ya kupandishwa mamia ya mita yanataka mashine nzima na umeme wa uhakika. Kimoja kikikatika, bomba linakohoa upepo. Mnakaa wiki, mnakaa mwezi. Ndoo zinarudi kichwani. Sasa hivi tunasikia mradi wa maji wa miji 28 na Makonde tumo, yakija tutayanywa.

Kilichotuokoa wanawake wa uwandani ni bati. Msishangae. Angalieni nyumba yoyote ya Newala au Tandahimba iliyojengwa kwa pesa za msimu mzuri. Pembeni kuna mdomo wa saruji umeinuka kidogo kutoka ardhini, umefunikwa bati au ubao, una kufuli. Hicho ni kisima cha mvua. Shimo limechimbwa chini kama chupa, ndani limesakafiwa kwa saruji, na mfereji kutoka kwenye paa unaingiza maji humo. Mvua za mwanzo unaziacha zioshe paa kwanza, vumbi na kinyesi cha ndege vitoke, ndiyo unaelekeza mfereji kisimani. Kikijaa mwezi wa tatu na ukakitumia kwa adabu unaweza kufika nacho mbali. Ikifika Oktoba mwenye kisima ndiye tajiri wa mtaa, anauza kwa ndoo, na ufunguo wa lile kufuli analala nao.

Kwa hiyo mtu akisema Wamakonde wakipata pesa za korosho wanakimbilia mabati, mwambie na wewe kajaribu kuvuna mvua kwenye paa la nyasi.

Kijana wa Mbagala

"Ufunguo wa lile kufuli analala nao" hahaha, mama umesema kweli tupu. Bibi yangu ufunguo wa kisima alikuwa anaufunga kwenye pindo la kanga. Wa nyumba aliuacha popote.

Mwana wa Ukingoni

Bi Mkubwa shikamoo. Umemaliza upande wa maji, sasa niingie kwenye mkorosho, maana bila huo hakuna bati wala saruji.

Vijana wengi wanadhani mikorosho ilikuwepo tu tangu enzi na enzi na pesa zilikuwepo tu. Korosho ya nchi hii ilishakufa ikafufuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani kama 145,000, nyingi zikitoka kwetu. Kufika msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Katikati hapo kulitokea mambo matatu kwa mpigo. La kwanza ni operesheni ya vijiji. Mkoa wa Mtwara ulihamishwa karibu wote, watu wakapangwa barabarani, mikorosho ikabaki mahame. Mkorosho usiopaliliwa unamezwa na kichaka, moto wa kiangazi ukipita unaondoka nao. La pili, bei aliyokuwa anapewa mkulima ilikuwa haina maana ya kumtembeza mtu mpaka huko. La tatu ni ubwiriunga.

Ubwiriunga ni kuvu. Unakuja kipindi cha baridi, Juni mpaka Agosti, wakati mkorosho unatoa maua. Unaamka asubuhi umande umetanda, unatazama shada la maua unaona kama limenyunyiziwa unga mweupe. Baada ya siku chache ua linakuwa jeusi, linakauka, linadondoka. Mti mzima unabaki na majani mazuri na hauna kitu. Wazee wetu wengi walikata mikorosho wakachoma mkaa, hatuwezi kuwalaumu.

Waliotutoa hapo ni watafiti wa Naliendele, pale nje kidogo ya Mtwara mjini. Dawa ya salfa, upogoleaji, miche bora ya kubebesha. Ndiyo maana msimu wa 2017/18 nchi ikapita tani 300,000. Mkulima wa uwandani ukimtajia Naliendele anakaa vizuri kwenye kiti, heshima ambayo ofisi nyingine hazipati na sitaji ni zipi.

Mpiga Salfa

Nimeona jina langu limeitwa. Hii ndiyo kazi yangu, nina mashine, nazunguka kijiji hadi kijiji kuanzia Mei mpaka Agosti.

Salfa inapigwa alfajiri. Sababu mbili: upepo umelala, na umande bado upo juu ya majani na maua kwa hiyo unga unanata. Jua likipanda ukaendelea kupiga unatupa pesa ya mwenye shamba hewani. Mashine unaibeba mgongoni, ina injini, inanguruma kama pikipiki iliyokatika ekzosi, unaelekeza mdomo wa bomba juu, wingu la njano linapanda mpaka kileleni. Likishuka linashuka juu yako. Macho yanawaka, koo linawasha, jasho likichanganyika na ile njano kwenye shingo utajuta. Tunaambiwa tuvae miwani, barakoa na nguo za mikono mirefu. Wengi tunafunga fulana usoni basi. Nasema ukweli, hata mimi msimu huu ndiyo nimenunua miwani ya maana.

Mteja wa busara anakuita mapema, maua yanapoanza tu kuchungulia, halafu unarudia kila baada ya wiki mbili tatu. Mteja msumbufu anakuita ameshaona unga kwenye maua, halafu Oktoba anakutangaza kijiji kizima kuwa salfa yako ilikuwa majivu.

Na pogoleeni miti jamani. Mkorosho uliofumana matawi, hewa haipiti, ni nyumba ya ubwiriunga.

Bi Mkubwa wa Mahuta

Umesema vizuri mwanangu. Ila mikorosho imetuletea na jambo lingine ambalo sijaona mkiligusa, nalo ni urithi.

Sisi Wamakonde, na Wamakua, Wayao na Wamwera vilevile, ukoo ni wa mama. Zamani mwanaume akifa, mali yake inakwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Haikuwa na shida, maana shamba la muhogo na mtama ni la msimu, ukivuna unahama, kichaka kinarudi. Mkorosho haufanyi hivyo. Umeupanda, utakaa miaka hamsini. Aliyepalilia ni nani? Ni watoto wako na mama yao, waliokuwa wanaamka na wewe. Halafu ukifa wanatokea wapwa kutoka kijiji cha saba na mjomba mkubwa mbele yao, wanahesabu miti.

Nimeona matanga yaliyogeuka kesi hata arobaini haijafika. Siku hizi wanaume wenye akili wanawagawia watoto mikorosho wakiwa hai, mbele ya mashahidi, mti kwa mti. Wengine wanaenda kuandikisha. Mimi namuunga mkono baba anayefanya hivyo, ingawa kaka zangu wakinisikia watanitenga.

Ajomba Kitangari

Dada, sisi kina mjomba leo tumefanyaje tena? Hahaha. Lakini mjomba huyo huyo ndiye anayebeba gharama za jando la mpwa wake. Haki bila wajibu siwezi kuikubali.

Bi Mkubwa wa Mahuta

Jando la siku chache na mikorosho ya miaka hamsini, kaka, pima mwenyewe.

Kijana wa Mbagala

Mimi naleta hoja ngumu. Watu wote wanailaani kangomba. Nataka mtu aniambie kwa nini mama yangu asiuze kangomba.

Msioijua: kangomba ni mnunuzi wa mafichoni. Anakuja mwezi wa nane, wa tisa, nyumba haina kitu, mtoto anadaiwa shuleni, anakukopesha. Msimu ukifika anachukua korosho zako kwa bei ya kutupa. Serikali inakataza, utaratibu ni kupeleka chama cha msingi cha ushirika, mzigo ukae ghalani, upigwe mnada, pesa iingie benki. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani tunao tangu msimu wa 2007/08. Mzuri kwenye karatasi. Lakini mwaka mmoja chama chetu cha msingi, jina nalihifadhi, mzigo wa mama uliuzwa na pesa ikachelewa mpaka sherehe zote zikapita. Kangomba anakupa pesa mkononi. Anakuibia, ila anakuibia leoleo.

Mwana wa Ukingoni

Ajomba nakuelewa, na wengi humu yamewakuta. Lakini tazama bei. Kabla ya ghala, mnunuzi alikuwa anakuja shambani na mizani yake mwenyewe na bei yake mwenyewe, hamna wa kumuuliza. Leo mnada unafanyika mbele ya wakulima, bei zinasomwa, mkulima anaweza kusema hapana. Oktoba 2018 walisema hapana kweli, bei ziko chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, minada ikagoma. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua zote kwa 3,300, na jeshi likaja kusomba. Wenye mizigo mikubwa wakafuatwa kuhakikiwa mashamba yao, na hapo ndipo kangomba wengi walipoumbuka, maana mtu ana tani za korosho na hana mkorosho hata mmoja.

Sikatai kwamba malipo ya mwaka ule nayo yaliwachelewea watu wengi. Ndiyo maana nasema tatizo lako ni la malipo. Lisimamie hilo hilo kwenye mkutano mkuu wa chama, usimrudishe mama kwa mtu wa mizani ya mfukoni. Siku hizi mnada unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, kwa hiyo hata wewe hapo Mbagala unaweza kujua bei ya siku.

Kijana wa Mbagala

Mkutano mkuu wa chama ajomba! Umewahi kuhudhuria? Ajenda ni chai.

Haya, nimekuelewa nusu.

Mwera wa Rondo

Wakuu, mmezungumza kana kwamba Lindi haipo. Naleta salamu kutoka Rondo.

Kwetu nako ni uwanda, nako tunalima korosho, ufuta, mbaazi na muhogo, ila sisi tuna msitu. Msitu wa Rondo una mivule ambayo watu wazima wanne hawaikumbatii. Na kuna mnyama wetu, komba wa Rondo, mdogo kiasi cha kukaa kiganjani, uzito wake gramu 60 hivi, mkia wake mwishoni umetawanyika kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimtambua kama aina ya pekee miaka ya 1990 tu. Anaishi kwenye vipande vya misitu ya pwani vinavyohesabika. Usiku ukitulia utamsikia kabla hujamwona, na wengi tumemsikia tu.

Halafu mkitaja vitu vilivyoondoka kusini vikiwa ghafi, kumbukeni Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dainosaria. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na waliochimba na kubeba ni watu wa vijiji vyetu. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani, karibu kilomita 60 mpaka bandari ya Lindi. Leo mnyama mzima kasimamishwa Berlin, watu wanakata tiketi kumwangalia. Kijiji chenyewe ukifika unakuta mihogo.

Na korosho ni hivyo hivyo. Nchi hii ilijenga viwanda 12 vya kubangua, Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea na kwingine. Vingi vikageuka maghala. Korosho zinapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam kubanguliwa na watoto wa wenzetu.

Bi Mkubwa wa Mahuta

Mwanangu wa Rondo, kubangua tunabangua, ila za kula na za kuuza kandokando ya barabara. Unachukua karai au bati lililotobolewa, unamwaga korosho, moto chini. Zikianza kutoa mafuta zinashika moto zenyewe, moshi mweusi, hapo usisogeze uso. Unazimwaga kwenye mchanga zizime, unazipaka jivu, unakaa na jiwe unagonga moja moja. Mafuta ya ganda ni tindikali, yanababua vidole mpaka ngozi inachunika. Mkisikia kipakti kimeuzwa bei, kumbukeni vidole.

Bibo lenyewe, lile tunda linaloshika korosho, hatutupi. Juisi yake ikilala inakuwa pombe ya uraka, na wengine wanaendelea mpaka nipa, pombe kali, ambayo serikali haitaki kuisikia na mimi siijui kabisa.

Mpiga Salfa

Huijui kabisa mama. Tumeandika.

Mtu wa Liwale

Ninyi mna ubwiriunga, sisi tuna tembo. Wanatoka hifadhini usiku, wanaingia kwenye mahindi na mihogo, asubuhi unakuta shamba limelazwa. Tunagonga madebe, tunachoma pilipili, tunalala kwenye madungu. Nachingwea na Nanyumbu wanajua ninachosema. Mandhari tunayo, tatizo mandhari inatembea na ina njaa.

Ticha Mpya

Habari za muda huu kaka zangu na dada zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Uzi huu umenikuta wakati muafaka. Nimepangiwa kufundisha shule ya msingi wilaya ya Newala, kijiji kipo ukingoni huko huko mnakosema. Natokea Singida, korosho nimeziona dukani tu. Naombeni ushauri wa kweli: nije na nini, chakula kikoje, na kupata nyumba?

Kijana wa Mbagala

Karibu kusini ticha. Mabasi ya kusini yanapatikana huku kwetu Mbagala. Msimu wa mvua uliza kwanza hali ya barabara kabla ya kukata tiketi. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilikata njia pale Somanga watu wakalala barabarani.

Ajomba Kitangari

Ticha, njoo na sweta. Najua umetokea Singida unakujua baridi, lakini hii yetu ya Juni na Julai ina ukungu na upepo wa ukingoni, inapenya.

Chakula hutapata shida. Ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi za nazi, kunde, njugu mawe. Samaki wanapanda kutoka pwani, wakavu na wa kukaanga. Kiangazi omba upelekewe ming'oko. Ni viazi pori, vyembamba, vinachimbwa vichakani, vinachemshwa na chumvi. Watoto wako wa darasani watakuletea bila kuombwa.

Jambo la kazi sasa. Msimu wa ngoma, hasa ile miaka ambayo korosho imelipa, utaona madawati yamepungua. Watoto wako jando na unyago. Usiende kugomba na wazazi peke yako. Nenda na mwalimu mkuu kwa mwenyekiti wa kijiji mapema, mkubaliane ngoma ziangukie likizo. Vijiji vingi sasa vinakubali. Na ukialikwa kwenye kutoka kwa wari, yaani watoto waliomaliza jando na unyago, nenda, kaa mpaka midimu, wale wachezaji wa vinyago, icheze, kula pilau. Mwalimu asiyeonekana ngomani hasikilizwi kwenye kikao cha wazazi.

Mwana wa Ukingoni

Niongezee la nyumba, maana ndilo litakaloamua kama utakaa au utaandika barua ya uhamisho.

Usitazame sakafu wala rangi. Tazama paa kwanza: bati lote au nusu? Mifereji imezunguka paa zima au imewekwa upande mmoja? Kisha omba ufunguliwe kisima, chungulia na tochi. Kama kina ufa utaona mstari wa unyevu umeishia katikati ya ukuta, na hapo ujue hakijai zaidi ya hapo. Muulize mwenye nyumba, mbele ya mtu mwingine, kama kodi inaingia na maji au maji yanalipiwa peke yake. Uliza pia kama anauzia majirani kutoka kisima hicho hicho, kwa sababu ukiripoti Januari utaona kimejaa na ukadhani umepata.

Bi Mkubwa wa Mahuta

Na ufunguo uwe na wako mwanangu. Ukishapajua jina la kijiji njoo uandike hapa hapa, kama ni upande wa Mahuta nina mdogo wangu ana chumba na kisima kizima, paa lote bati. Ila simu hatuweki hadharani, tutaelekezana faraghani.

Ticha Mpya

Asanteni sana. Barua inasema niripoti kwanza halmashauri ndipo nipewe jina la kijiji. Nikipewa narudi. Swali dogo tu la mwisho: hizo ming'oko zinaliwa na maganda?

Mpiga Salfa

Menya ticha. Karibu Newala.